Mikono ya trekta ikienda upande: pima kwanza, kabla ya kununua pompi

Trekta ndogo zenye mikono na gode mbele zinaonekana hapa na pale mashariki ya Kongo: kwenye mashamba, kwenye misioni, kwenye kazi za kujenga, kwa watu wanaopakia muchanga na mbolea. Kuna zinazofika zikiwa mpya, na kuna zile zilizokwisha kutumika Japani ao Ulaya, zikashuka bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam, kisha zikapanda juu ya lori mpaka kwetu. Kwa zote, kuna ugonjwa mmoja ambao shofere wengi wanaujua: gode ikishuka, kona moja inagusa udongo na kona ingine inabaki juu vidole viwili, vitatu. Ukitaka kusawazisha kiwanja, udongo unatoka na mgongo upande mmoja. Ukibeba majiwe, mzigo unategemea upande mmoja.

Kwenye garaji, jibu la haraka ni kusema kwamba mafuta hayafiki vizuri upande ule. «Papa, mukono ya kushoto iko inashuka, pompi imechoka.» Mwenye trekta anatafuta feza, anatuma mtu Kampala ao Bujumbura juu ya pompi, juma mbili zinapita, pompi inafungwa, na gode inabaki vilevile, upande.

Sababu ni kwamba, mara nyingi sana, mikono ikienda upande shida haiko kwa mafuta. Iko kwa chuma, kwa akse, kwa bulo, ao hata kwa pine. Na vitu hivyo vyote vinapimika kwa meta ya fundi mwashi, kamba na nivo.

Mafuta yanagawanyika sawa

Ili kuelewa, ni lazima kujua namna mikono inavyofanya kazi. Kila mkono umeshikwa nyuma na akse moja kubwa, juu ya nguzo iliyofungwa kwenye shasi ya trekta. Chini ya mkono kuna vereni, ni kusema ile bomba ya chuma yenye fimbo inayong'aa ambayo mafuta yanaisukuma. Vereni mbili zinanyanyua mikono, na zingine, moja ao mbili, zinageuza gode ili imwage. Na kati ya mikono miwili kuna bomba nene la chuma ambalo limechomelewa huku na huku. Bomba hilo njo linaifanya mikono miwili iwe kitu kimoja.

Sasa mafuta. Kwa trekta ndogo nyingi, shofere akivuta leva, mafuta yanatoka kwa njia moja, kisha yanagawanyika kwenda vereni ya kushoto na ya kuume. Ni kama bidoni mbili ulizounganisha chini kwa mpira: maji hayawezi kusimama juu kwa moja na chini kwa ingine. Nguvu ya mafuta inakuwa ileile pande zote mbili. Vereni moja ikipasuka mpira wa ndani, mafuta yatapita ndani yake, lakini mikono yote miwili itashuka pamoja, kwa sababu vereni ya pili nayo inapoteza nguvu, tena bomba la kati linaishika.

Kwa hiyo ukiona mikono imenyanyuka na gode yenye mzigo, mashini imezimwa, leva iko katikati, na kisha dakika kumi gode imeshuka kidogo-kidogo pande zote mbili, hapo ndiyo, ni mafuta: mpira wa vereni ao leva yenyewe inavuja ndani. Lakini ukiona upande mmoja tu uko chini na unabaki chini vilevile leo na kesho, acha pompi kwanza.

Kuna jambo moja ambalo mafuta yanaweza kuleta, na linafanana na ugonjwa huu. Fleksibo, ule mpira wa kupitisha mafuta, unaweza kukunjika ao kuoza ndani mpaka njia yake inakuwa nyembamba. Hapo, wakati wa kunyanyua, upande ule unachelewa na mikono inajipinda. Ukisimama na kungoja kidogo, inanyooka. Alama yake ni hiyo: inaenda upande ikitembea, inakuwa sawa ikisimama. Fleksibo ni bei ndogo kuliko pompi, na inafaa kubadilishwa haraka kwa sababu kila mara mikono inapojipinda chuma kinachoka.

Anza chini, kwenye udongo na pine

Kipimo cha kwanza hakihusu mikono hata kidogo. Trekta iwekwe fasi iliyo sawa: sementi ya depo, baraza pana, ao udongo uliopimwa kwa nivo ya maji ya mwashi. Fasi kama hiyo si rahisi kupata katika vilima vyetu. Lakini kuna ujanja mmoja wa zamani. Pima kimo cha gode kushoto na kuume, andika. Kisha geuza trekta, iangalie kule ilikotoka, magurudumu yasimame fasi zilezile, pima tena. Kama upande ulio chini sasa umegeuka, mara ya kwanza ulikuwa wa kushoto na sasa ni wa kuume, basi udongo njo uko upande, trekta ni mzima. Kama ni upande uleule wa trekta mara zote mbili, mashini ina shida yake.

Kisha, pine. Na hapa watu wengi wanakosea pine ya kuangalia. Wanapompu pine za mbele, kwa sababu gode iko mbele. Kumbe ponti ya mbele ya trekta imeshikwa fasi moja tu, katikati, ili magurudumu ya mbele yapande na kushuka kufuata mashimo. Pine moja ya mbele ikikosa upepo, ponti inalala lakini shasi haifuati. Kile kinachoamua kama shasi imelala ao imesimama ni pine za nyuma. Na mikono imefungwa kwenye shasi.

Hesabu ni rahisi. Sema kati ya pine ya nyuma ya kushoto na ya kuume kuna meta 1 na sentimeta 20, na gode ina upana wa meta 1 na nusu. Pine moja ikiwa chini sentimeta 2, gode itakuwa na tofauti ya sentimeta 2 na nusu kutoka kona mpaka kona. Sentimeta 2 za pine si kitu kikubwa: pine moja mpya na ingine iliyolika, pine moja ya namba tofauti kidogo, ao upepo ambao shofere alipima kwa kupiga teke. Kuna pia trekta ambazo pine za nyuma zimejazwa maji ili kuongeza uzito. Moja ikipasuka na kutengenezwa bila kurudisha maji, pande mbili hazibebi tena sawasawa. Kwa hiyo chukua kipimo cha upepo, weka sawa nyuma, kisha pima kimo kutoka udongo mpaka katikati ya gurudumu, kushoto na kuume. Mara ingine kazi inaishia hapo, na mwenye trekta hajatoa hata franka.

Gode ni muongo

Watu wanapima kutoka kona ya gode mpaka chini. Lakini meno na kisu cha gode vinalika, hasa upande ambao shofere anapenda kuchimbia. Katika muji wa Goma, na pembeni yake, ambako udongo ni mawe ya volkano ya Nyiragongo, kona ya gode inaweza kulika ao kukunjika haraka kuliko fasi ya udongo mwekundu. Gode kama hiyo itaonyesha tofauti hata mikono ikiwa sawa kabisa.

Kipimo cha kweli kinachukuliwa kwenye akse zinazoshika gode, fasi mkono unapoishia. Gode ikae juu kidogo ya udongo, sentimeta 20 tu, juu ya vipande vya mbao vinavyoizuia isishuke. Pima kutoka katikati ya akse ya kushoto mpaka chini, kisha ya kuume. Tofauti ikiwa ndogo huko na kubwa kwenye kisu, shida ni gode. Inanyooshwa kwa kuchomelea ao inabadilishwa kisu, mikono inaachwa.

Kama gode inafungwa kwa viungo vya kufunga na kufungua haraka, angalia viungo vyote viwili. Kijiwe kimoja ao udongo mkavu ndani ya kiungo unatosha kukizuia kufunga mpaka mwisho. Hiyo si kasoro ya kupimwa kesho: gode iliyofungwa upande mmoja inaweza kuanguka ikiwa juu.

Akse, bagi na bulo

Kama akse za gode nazo zinaonyesha tofauti, rudi nyuma polepole kufuata mkono. Kila kiungo kina akse, ile fimbo nene ya chuma, na bagi, ile pete inayoikalia akse. Vitu hivi vinataka gresi. Kazi ya muchanga na vumbi bila gresi inavila, na havilikiwi sawa pande zote mbili.

Namna ya kujua: mtu mmoja anachukua chuma kirefu, anakiingiza karibu na kiungo, anasukuma polepole juu na chini, na mwingine anaangalia kama akse inacheza ndani ya bagi. Mikono iwe chini wakati huo, mashini imezimwa. Kucheza kwa milimeta 2 kunaonekana kidogo. Lakini vereni mara nyingi inashika mkono karibu na katikati yake. Milimeta 2 pale inakuwa milimeta 4 mbele kwenye gode, na ukiongeza ile ya akse ya nyuma na ile ya gode yenyewe, unafika sentimeta bila kuona chuma chochote kilichokunjika.

Kubadilisha akse na bagi ni kazi ya turneri, yule fundi mwenye mashini ya kuzungusha na kuchonga chuma. Katika miji mikubwa anapatikana. Apelekewe akse ya zamani pamoja na bagi, apime ile fasi ambayo haijalika, si ile iliyolika. Na asipewe chuma cha beton kutengeneza akse. Kinaingia, kinapendeza siku ya kwanza, lakini ni laini na hakikuchongwa sawa. Kitalika haraka na kitakula bagi pamoja nacho. Kama tundu la mkono wenyewe limekuwa kama yai, bagi mpya haitakaa: ni lazima tundu lijazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya ao liongezwe upana na kutiwa bagi kubwa zaidi.

Bulo zinazofunga nguzo za mikono kwenye shasi zinasahauliwa kila mara, labda kwa sababu ziko ndani, chini ya tope. Zilegee upande mmoja, nguzo yote inalala na mkono unaifuata. Safisha kwanza kwa maji na brashi. Angalia kama kuna kutu nyekundu mbichi inayotoka pembeni ya bulo kama unga. Hiyo ni alama kwamba chuma kinasuguana na bulo haishiki. Angalia kama kuna mstari mwembamba wa kupasuka pembeni ya kuchomelewa. Bulo iliyolegea siku nyingi isikazwe tu: itolewe, ibadilishwe na ya nguvu ileile. Namba iliyoandikwa kwenye kichwa chake, kama 8.8 ao 10.9, inasema nguvu yake. Bulo isiyo na namba, ya kufungia bati, haina kazi hapo.

Vereni mbili ni lazima zifanane

Kisha pima vereni. Mikono ikiwa chini kabisa, pima kutoka katikati ya akse moja ya vereni mpaka katikati ya akse ingine, kushoto, kisha kuume. Nyanyua kidogo, tia mbao za kuzuia, pima tena. Urefu wa vereni mbili uwe sawa kila mara. Kama ni sawa lakini gode iko upande, basi chuma cha mkono ao bomba la kati limejipinda. Kama si sawa, shida iko kwa vereni ao akse zake.

Angalia fimbo inayong'aa. Weka kando yake chuma kilichonyooka, uzungushe jicho pande zote. Fimbo iliyokunjika kidogo inaonekana pia kwa mafuta yanayotoka upande mmoja wa mdomo wa vereni, kwa sababu inakula mpira wake upande huo. Turneri anaweza kujaribu kuinyoosha, lakini fimbo iliyokunjika sana inafaa kubadilishwa.

Kuna kasoro ingine ambayo si ya kuvunjika ila ya kununua. Vereni ya upande mmoja iliharibika zamani, mwenye trekta akapata ingine ya mashini tofauti, «ni kiasi kimoja tu». Lakini ikiwa na unene tofauti ndani, hata milimeta chache, mafuta yaleyale yatasukuma kwa nguvu tofauti, na kila mara bomba la kati njo linabeba hasira ya vereni mbili zisizopatana. Ikiwa na urefu tofauti, ya fupi itafika mwisho wake na ya ndefu itaendelea kusukuma. Mikono itajipinda siku kwa siku. Mwenye kununua trekta ya zamani aangalie hilo mbele ya rangi mpya: vereni mbili za kunyanyua zifanane mdomo, unene na namba.

Chuma kilichojipinda

Hapa tunafika kwenye sababu ambayo shofere hataki kuisema. Mikono mingi iliyojipinda ilijipinda siku moja, kwa kona ya gode. Kisiki kilikataa kutoka, jiwe lilikuwa kubwa, gode yote haikuingia, basi shofere akaingiza kona moja na kunyanyua. Nguvu yote ya vereni mbili ikapita upande mmoja. Trekta ndogo haikutengenezwa kwa kazi hiyo; si mashini ya kuchimba. Zingine zinajipinda kwa kugonga jiwe mbio, ao kwa kutembea na mzigo juu kwenye mashimo ya njia wakati wa mvua.

Ili kuona kujipinda, vuta kamba kutoka akse ya nyuma mpaka akse ya gode, kando ya kila mkono, na linganisha nafasi kati ya kamba na chuma fasi zilezile kushoto na kuume. Kisha vuta kamba mbili za msalaba: kutoka akse ya nyuma ya kushoto mpaka ya gode ya kuume, na kinyume. Zikitofautiana, mikono imesogea kando. Zikilingana na gode bado iko upande, bomba la kati limezungushwa.

Tofauti ya sentimeta moja kwenye trekta ya kubeba mbolea na muchanga haiharibu kazi. Mwenye trekta anaweza kuiacha na kuiangalia isiongezeke. Kama ni ya kusawazisha viwanja na njia, ataiona kila siku na atataka kuitengeneza.

Kuzungusha kidogo kunaweza kurudishwa bila moto. Mafundi wanatia mbao ngumu, nene, chini ya kona ya gode iliyo chini, fasi isiyozama, kisha shofere anasukuma mikono chini polepole. Kona iliyo chini inazuiwa na mbao, ile ya juu inashuka, bomba linarudi. Chuma kina tabia ya kurudi nyuma kidogo ukiachilia, kwa hiyo wanapita kipimo kidogo, wanaachilia, wanapima, wanaanza tena. Ni kazi ya kurudia mara kumi kwa milimeta, si mara moja kwa sentimeta. Magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi ao yatanyanyuka. Mbao ikitoka, inaruka. Kwa hiyo hakuna mtu wa kusimama mbele wala kando kuelekeza. Na bulo zote ziwe zimekazwa kwanza, kama sivyo utazungusha nguzo na kuacha bomba. Tofauti ikipita sentimeta mbili, tatu, ao kukiwa na mpasuko, ujanja huu uachwe: mikono itolewe, ipelekwe kwa fundi wa kuchomelea mwenye meza ya kuifunga.

Kuchomelea nako kuna sheria zake. Toa waya ya batri kwanza. Kipini cha masi cha mashini ya kuchomelea kifungwe karibu kabisa na fasi inayochomwa, kwenye mkono uleule, ili moto wa umeme usipite ndani ya akse na vereni na kuziharibu. Rangi na gresi zisuguliwe mpaka chuma cheupe. Vereni yenye mafuta ndani isichomelewe hata kidogo. Mafuta yakipata moto ndani ya bomba iliyofungwa yanaweza kulipuka. Na kuipasha mkono moto mpaka uwe mwekundu ili uinyooke kirahisi kunaondoa nguvu ya chuma pale pale. Utajipinda tena fasi ileile, haraka zaidi.

Chini ya mikono hakuna rafiki

Kazi hii yote inafanywa gode ikiwa chini, mashini imezimwa, leva imevutwa pande zote ili nguvu ya mafuta iishe ndani ya mipira. Mtu akifungua fleksibo na mikono iko juu, mikono inashuka mara moja, na uzito wake ni wa kumuua mtu. Kama ni lazima mikono ibaki juu, inawekewa chuma chenye umbo la mfereji, kinachoikalia fimbo ya vereni na kuizuia isiingie, ao miguu ya chuma iliyotengenezwa kwa uzito huo. Si kriki peke yake. Si matofali, yanapasuka. Si mti uliokatwa asubuhi.

Mafuta yenyewe yanatembea kwa nguvu kubwa, mara nyingi kati ya bari 100 na 200. Yakitoka kwenye tundu dogo la fleksibo, hayaonekani vizuri, lakini yanapenya ngozi kama sindano. Hakuna wa kupitisha kidole kutafuta fasi inayovuja. Tumia kipande cha katoni, uangalie kinapolowa. Mtu aliyechomwa na mafuta hayo anaweza kuona alama ndogo tu, bila maumivu mengi saa ya kwanza, na kurudi kazini. Ndani, mafuta yanaua nyama ya mkono. Apelekwe hospitali kubwa siku ileile, bila kungoja kuvimba, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta ya mashini yaliyoingia kwa nguvu, kwa sababu inahitaji kupasuliwa haraka. Kumpaka dawa kwenye farmasi na kumfunga bendeji ni kumpotezea vidole.

Nani alipe?

Mkono ukijipinda, mara nyingi swali la feza linakuja mbele ya swali la chuma. Mwenye trekta anasema ni shofere. Shofere anasema alikuta hivyo. Kwa shofere anayelipwa kwa siku, kukatwa feza ya mikono ni miezi ya kazi. Kwa ushirika ambao wakulima walichanga, trekta kusimama wakati wa kulima ni msimu wa wote. Na bila kipimo, hakuna anayeweza kuonyesha ukweli. Yule mwenye sauti kubwa njo anashinda.

Njia ni rahisi. Siku trekta inapokabidhiwa, shofere na mwenye trekta wanaiweka fasi sawa, wanapima pamoja upepo wa pine za nyuma, kimo cha akse ya gode kushoto na kuume, urefu wa vereni mbili. Wanaandika kwenye daftari pamoja na saa za kazi zinazoonyeshwa kwenye saa ya trekta, na wote wawili wanatia sahihi. Kila mwezi wanarudia. Ni kazi ya nusu saa. Kipimo kikibadilika kati ya mwezi mmoja na mwingine, inajulikana kazi gani ilifanyika na nani alikuwa juu. Mara nyingi itaonekana kwamba si mtu, ni bagi iliyokosa gresi, na gresi ni ya mwenye trekta kununua. Na ikiwa mwenye trekta mwenyewe alimwambia shofere ang'oe visiki kwa gode, aliyetoa amri hiyo njo anapaswa kulipa.

Kisha matengenezo, trekta isipewe mzigo mkubwa siku ya kwanza. Inyanyue gode tupu mara kadhaa mpaka juu, ishushe, pima. Kisha nusu ya mzigo, uliowekwa katikati ya gode, na uzito nyuma ya trekta kama kawaida. Kisha saa kumi za kazi, bulo za nguzo zikazwe tena, kwa maana bulo mpya inalegea ikikaa, gresi itiwe kwenye kila kiungo mpaka ile chafu itoke pembeni, na namba mpya ziandikwe kwenye daftari chini ya zile za kwanza.